Upepo Mkali Ukija: Acha Bati Liende, Shika Mtoto



Mvua za kwanza za mwaka hapa Malawi mara nyingi haziji peke yake. Zinakuja na upepo. Iwe unaishi Kawale, Likuni, Lisungwi au Katubza, unaijua sauti ya bati linapoanza kupigapiga juu ya kichwa chako. Unajua pia tunachofanya wengi wetu tukisikia sauti hiyo. Baba anatoka mbio, anaparamia ukuta na kulikalia bati. Mama anauzuia mlango kwa mgongo. Watoto wanabaki katikati ya nyumba wanalia, hakuna aliyewashika.

Makala hii inakuomba ubadilishe mpangilio huo. Neno lake kubwa ni hili: kazi ya bati ni ya siku ya jua. Upepo ukishaanza, kazi yetu ni watu peke yao.

UPEPO HUU UNATOKA WAPI?

Wengi tukiona upepo mkali tunasema ni kimbunga. Vimbunga vya baharini vipo kweli, na Malawi inavijua. Machi 2023 kimbunga Freddy, kilichodumu siku 36 na kuweka rekodi ya dunia, kilitoka Bahari ya Hindi, kikapita Msumbiji na kufika kusini mwa nchi hii. Watu zaidi ya 600 walikufa na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Wengi walifukiwa na udongo na mawe yaliyoporomoka kutoka milimani, au walichukuliwa na maji. Desemba 2024 kimbunga Chido nacho kilifika Malawi baada ya kuipiga Mayotte na kaskazini mwa Msumbiji. Kimbunga cha namna hiyo huonekana kikiwa bado baharini, na redio hukitangaza siku kadhaa kabla.

Upepo unaotuezua sisi hapa wilaya ya Dowa mara nyingi ni wa aina nyingine, na hautangazwi siku wala saa yake. Jua linapiga mchana kutwa. Hewa ya moto inapanda juu, wingu linasimama kama mlima, jeusi upande wa chini. Mvua inapoanza kuanguka ndani ya wingu hilo, inashuka pamoja na hewa ya baridi. Hewa hiyo ikigonga ardhi hutawanyika pande zote kwa nguvu, kama maji ya ndoo yakimwagwa sakafuni. Ndiyo maana tunasikia ubaridi wa ghafla na kuona vumbi kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Hilo ndilo onyo lako. Siku ya joto ukisikia ubaridi wa ghafla na vumbi linakuja, una dakika chache tu. Upepo wenyewe huwa mfupi, pengine dakika kumi, pengine nusu saa. Lakini dakika kumi zinatosha kumfanya mtu kilema.

NI NINI HASA KINACHOUMIZA WATU?

Upepo peke yake ni hewa. Kinachoumiza ni hivi vinne:

1. Bati linaloruka. Makali yake hukata kama panga, na huwezi kujua litaelekea wapi.

2. Mawe na tofali tunazoweka juu ya bati ili lisiondoke. Upepo ukishinda, hayo ndiyo ya kwanza kuanguka, na yanaangukia ndani, juu ya waliolala.

3. Ukuta. Nyumba zetu nyingi ni za tofali ambazo hazikuchomwa, zimeunganishwa kwa udongo. Tofali hiyo ikiwa kavu ina nguvu. Ikilowa hulainika kuanzia chini, na ukuta huanguka mzima mzima. Sehemu ya hatari zaidi ni ile pembetatu ya juu ya ukuta inayoshika ncha ya paa. Paa likishaondoka, pembetatu hiyo haina wa kuishika.

4. Yale tunayoyafanya wenyewe kwa hofu: kutoka nje, kuingiza jiko la mkaa ndani, kugusa nyaya.

Ndugu zetu wa kambi ya Tongogara kule Zimbabwe, ambako wako Wakongomani wengi kama sisi, waliona jambo hili Machi 2019 kimbunga Idai kilipopita. Nyumba zipatazo 2,000 za wakimbizi, nyingi zikiwa za tofali za udongo, zilianguka au ziliharibika. Vyoo navyo viliporomoka kwa mamia. Nyumba zile ni ndugu wa nyumba zetu, basi somo lao ni letu pia.

KAZI YA SIKU YA JUA

Paa. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Ukipata mlango au dirisha wazi, huingia na kulisukuma tena kutoka ndani. Paa linavutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja. Jiwe la kilo tano halizuii nguvu hiyo. Kinachosaidia ni kulifunga paa na ukuta. Chukua waya mgumu wa kufungia, uzungushe kwenye mbao za paa, kisha uushushe ukutani mistari kadhaa ya tofali na kuukaza hapo. Fanya hivyo kwenye kila mbao, si kwenye pembe nne tu. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa wimbi la bati, si bondeni, na chini ya kichwa cha kila msumari weka kifuniko cha soda pamoja na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ili bati lisipasuke na kuchomoka. Pembeni mwa paa, ambako upepo huanzia kazi yake, ongeza misumari.

Ukishafunga waya, teremsha mawe. Najua umezoea kuyaona pale juu na yanakupa moyo. Lakini jiwe lililo juu ya paa bovu ni jiwe lililo juu ya kichwa cha mtoto.

Ukuta. Angalia sehemu ya chini. Kama imeliwa na maji, ikandike upya kwa udongo kabla mvua hazijakolea. Chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji mbali na nyumba. Usichimbe udongo wa kufyatulia tofali karibu na msingi wako au wa jirani. Shimo lile litajaa maji, na ukuta utaanguka upande huo.

Uwanja. Sola iliyoegeshwa tu juu ya bati, mabati ya akiba, karai na vipande vya mbao vyote ni silaha za upepo. Vifunge au viingize ndani. Kama kuna tawi kavu linaloning'inia juu ya nyumba, mwone kiongozi wa eneo lako mkubaliane nani atalikata.

Mfuko. Tafuta mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Weka ndani hati zako za ukimbizi, kadi ya mgao, kadi za kliniki za watoto, na dawa ambazo mtu wa nyumba hiyo hunywa kila siku: ARV, dawa za kifua kikuu, za kifafa, za presha au za kisukari. Dawa hizi zikilowa, mgonjwa hukatiza matibabu, na madhara yake huja baadaye watu wakiwa wameshausahau upepo. Mfuko ukae mahali pamoja, na kila mtu wa nyumba apajue.

Kona. Hili ni la muhimu kuliko yote, na halina gharama. Leo hii simama ndani ya nyumba yako uangalie. Tafuta mahali kuta mbili zinapokutana, mbali na mlango na dirisha, mbali na ukuta wenye pembetatu ndefu, na mbali na ukuta wenye ufa. Kama una meza imara au kitanda cha mbao ambacho mtoto anaweza kuingia chini yake, kisogeze hapo. Hiyo ndiyo kona ya upepo ya nyumba yako.

Ukikuta hakuna kona hata moja unayoiamini, usijidanganye. Nenda kwa jirani mwenye nyumba nzuri zaidi mkubaliane mapema kwamba mawingu yakisimama utaleta watoto wako. Ni aibu kidogo kuomba, lakini jirani huombwa siku ya jua.

WAFUNDISHE WATOTO

Upepo wa aina hii hupenda kuja mchana au jioni. Saa hizo wazazi wengi wako kwenye ganyu, sokoni, au wamekwenda Lilongwe. Anayebaki nyumbani ni binti wa miaka kumi na wadogo zake. Kwa hiyo mafunzo haya hayafai kukaa kichwani mwa baba na mama tu.

Cheza nao. Sema "Upepo!", kisha hesabu wanachukua muda gani mpaka wote wako kwenye kona, wamechuchumaa na kufunika vichwa kwa mikono, blanketi au godoro juu yao. Rudieni mpaka mdogo kabisa aweze. Mwambie mkubwa wao waziwazi: "Usirudi kuchukua nguo. Usirudi kuchukua simu. Kazi yako ni kuwahesabu wenzako." Mtoto aliyeambiwa hivyo hatahangaika.

DAKIKA CHACHE ZA ONYO

Ubaridi na vumbi vikija, fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Ita watoto ndani. Wahesabu.
2. Zima moto wa nje na wa ndani. Mwagia maji, kwa sababu kaa moja likipeperushwa laweza kuteketeza nyumba za nyasi mstari mzima.
3. Funga milango na madirisha yote. Wapo wanaosema ufungue dirisha ili upepo upite. Si kweli. Upepo ukiingia ndani, hulisukuma paa.
4. Chomoa simu na vyombo kwenye umeme.
5. Chukua mfuko, nenda kwenye kona.

Kama muda hautoshi kufanya yote, fanya la kwanza na la mwisho.

UPEPO UKIWA UMEANZA

Usitoke nje. Usipande juu ya ukuta. Usisimame nyuma ya mlango, maana mlango ukivunjika unakuja nao. Kaa chini kwenye kona, funika kichwa na shingo, mkumbatie mtoto akiwa upande wa ndani.

Tunapopita nyumba kwa nyumba, wazee hutuuliza: "Kijana, bati likienda, nani atanipa jingine?" Swali hilo ni la haki. Bei ya bati kila mmoja wetu anaijua, na anajua ilichukua siku ngapi za ganyu kulinunua. Lakini tupige hesabu pamoja, baba zangu. Bati lililopeperuka mara nyingi hupatikana uwanja wa tatu. Huokotwa, hunyooshwa kwa nyundo, hupigiliwa tena. Mtu aliyeanguka kutoka ukutani akavunjika mguu hakai chini siku moja. Wiki nyingi zitapita hawezi kubeba wala kulima, na watu wote wa nyumba hiyo wanamtegemea. Nyumba iliyopoteza bati imepoteza bati. Nyumba iliyopoteza baba imepoteza na bati pia, kwa sababu litauzwa ili watoto wale.

Kama paa limeondoka mkiwa ndani, msikimbilie nje saa ileile mabati bado yanaruka. Sogeeni mbali na ukuta wa pembetatu, chuchumaeni chini ya meza au kitanda. Lakini mkiona ukuta wenyewe unapasuka au unainama, tokeni pamoja, vichwa vimefunikwa kwa godoro au karai, muende kwenye nyumba ya jirani iliyo karibu zaidi.

JIKO LA MKAA LISILALE NA WATU

Hili nalisema peke yake kwa sababu hatari yake haina kelele. Mvua na upepo vikija, baridi inaingia, na chakula hakijaiva. Mama anaingiza jiko la mkaa ndani, mlango unafungwa, madirisha yamezibwa kwa nguo. Mkaa unaoungua hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanaumwa kichwa, wanapata kizunguzungu na kichefuchefu, wanasikia usingizi mzito. Wanalala. Asubuhi hawaamki.

Kutokuwepo kwa moshi si usalama. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bado unatoa sumu hiyo. Wakati wa upepo kuleni kilichokwisha kuiva, hata kama ni cha baridi. Jifunikeni blanketi moja. Ukimkuta mtu ndani ya chumba chenye jiko amelegea, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi na mumkimbize kituo cha afya.

RADI

Ukisikia ngurumo, radi iko karibu kiasi cha kukufikia. Toka uwanja wa mpira, toka chini ya mti, toka kisimani kwenye bomba la chuma. Ingia ndani, usiegemee bati wala chuma, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Wengine huogopa kumgusa aliyepigwa na radi wakidhani umeme bado uko mwilini mwake. Hauko. Mguse, msaidie. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Wengine huokoka kwa njia hiyo.

UPEPO UKITULIA

Hapa ndipo wengine huumia, kwa kuwa wanadhani mambo yamekwisha.

Nyaya. Waya ulioanguka uone kuwa una umeme, hata kama taa za kambi nzima zimezimika. Usiuguse, usiusogeze kwa fimbo, weka mtu wa kuzuia watoto, na umwarifu kiongozi wa eneo.

Kuta. Ukuta uliolowa waweza kuanguka saa kadhaa baadaye, usiku, mvua imekwisha. Kama una ufa mpya au umeinama, usilale upande wake. Usiwaruhusu watoto kutafuta vitu kwenye kifusi, kwani misumari na vipande vya bati viko humo. Vaa viatu.

Maji. Vyoo vikiporomoka au kufurika, uchafu huingia kwenye maji. Hatujasahau kipindupindu kilichoanza Malawi Machi 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700 kabla ya kutulia. Chemsha maji ya kunywa au yatie klorini, nawa mikono kwa sabuni, na choo kilichobomoka kifukiwe. Mtu akiharisha majimaji mfululizo, mpe maji ya chumvi na sukari njiani huku mkimpeleka kituoni, msingoje asubuhi.

HUDUMA YA KWANZA

Jeraha linalotoka damu: bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie kila mara kuangalia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza.

Kipande cha bati au mti kilichoingia mwilini: usikichomoe. Kizungushie vitambaa kisitikisike, mpeleke mgonjwa.

Aliyekatwa au kuchomwa na bati au msumari, hata kidogo: osha kwa maji mengi na sabuni, kisha njoo kituoni kuulizia sindano ya pepopunda. Jeraha lisipakwe majivu wala kinyesi cha ng'ombe.

Aliyepigwa kichwani: mwangalie siku nzima na usiku wake. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida au akipata degedege, apelekwe mara moja.

Mama mjamzito aliyeanguka au kupigwa tumboni: aje kituoni hata kama hasikii maumivu. Mtoto tumboni hawezi kujieleza.

MTAZAME JIRANI

Ukimaliza kuhesabu watu wako, hesabu wa jirani. Katika kila mstari wa nyumba yupo bibi anayeishi peke yake, asiyeona vizuri, asiyeweza kutembea, au mama aliyejifungua juzi. Kubalianeni leo nani atamwendea nani mawingu yanaposimama. Jina moja kwa mtu mmoja. Tukisema "wote tutamsaidia", siku ya upepo kila mtu atadhani mwenzake amekwenda.

KATA SEHEMU HII, BANDIKA UKUTANI

• Siku ya jua: funga paa kwa waya, teremsha mawe, chagua kona, andaa mfuko.
• Ubaridi na vumbi: watoto ndani, moto uzimwe, milango ifungwe.
• Upepo: kaa kwenye kona, funika kichwa. Hakuna kutoka kushika bati.
• Jiko la mkaa: nje, si ndani.
• Baada ya upepo: usiguse waya, usilale karibu na ukuta ulioinama, chemsha maji.
• Hesabu watu wako. Kisha hesabu wa jirani.

Kama katika nyumba yako kuna asiyejua kusoma, msomee kwa sauti, na kwa lugha yake ya nyumbani. Kisha mwambie akuonyeshe kona iko wapi. Akikuonyesha bila kusita, amekusikia.